Kocha Asiye Kwenye Karatasi

Kwa miaka sita nimefundisha timu ya wasichana, na kwa miaka sita karatasi za mechi zimeniita mtunza jezi. Nilijipalia makaa mwenyewe, ndiyo maana hasira yangu haina pa kwenda. Benchi lilikuwa na nafasi ya kocha mkuu na msaidizi mmoja tu. Ya msaidizi alipewa shemeji wa mwenyekiti wa timu, mtu aliyeelezwa sheria ya kuotea kila Jumamosi na kila Jumamosi akaisahau. Kocha mkuu, tunayemwita Babu Filimbi, akaniambia, "Dada, jiandike mtunza jezi ukae nasi. Cheo kitu gani?" Na kwa kuwa mwandiko wake haukusomeka, karatasi zote nilizijaza mimi, kwa herufi nzuri.

Mwaka huu chama cha soka kikatangaza kozi ya leseni ya kuwainua makocha wanawake. Mwakani asiye na leseni hafundishi. Sharti la kuingia kozi: mechi ishirini karatasi zikikutaja kuwa kocha.

Ofisa wa kozi, mwanamke wa rika langu, alifunua karatasi zangu moja moja.

"Dada yangu, humu kote wewe ni mtunza jezi."

"Waulize wachezaji."

"Nimewaona wakicheza, najua ni mkono wako. Lakini nikikupitisha kwa macho yangu, atakayeletwa na mjomba wake nitamkataa kwa lipi?"

Alisema kweli, na ukweli wake uliniuma kuliko tusi.

Nikamwendea Babu Filimbi anipe barua. Akakuna kidevu weee.

"Nikiandika wewe ndiye uliyefundisha, watauliza mimi nilikuwa nafanya nini."

Nilitamani kumjibu. Heshima ikanifunga mdomo, heshima ileile iliyonifikisha hapa.

Jioni nikaenda mazoezini. Nahodha wetu wa zamani, binti aliyeachishwa mpira na goti, alikuwa akiwapanga wadogo zake. Mwaka mzima nimekuwa nikimfunza ukocha, nikimwambia njia ipo.

"Kocha, wamekupitisha?"

"Hapana."

Akatazama chini kidogo.

"Shangazi ana nafasi ya cherehani dukani kwake. Nilimwomba asubiri jibu la kozi yako. Kama wewe umekwama, mimi nitapitia wapi?"

Tuliokota koni pamoja, yeye upande ule, mimi huku. Nilitafuta neno la kumzuia mpaka koni zikaisha. Akaniaga kwa adabu, nami nikamwambia amsalimie shangazi yake.