Kidole cha Nekoye

Nekoye aliishuku ile nafasi tangu siku ya kwanza. Hakuwa na sababu ya kusema, ila maishani mwake hakuna kizuri kilichowahi kumfuata mpaka mlangoni bila kutaka kitu.

"Cherehani ya bure," Mama Rohima, jirani wa chumba cha pili, alimwambia. "Kule Kianda, ukumbi wa kanisa. Unafunzwa kushona, halafu unapewa. Wakimbizi kumi, wenyeji kumi. Kila mtu analeta mwenyeji wake. Mimi nimesema wewe."

Mama Rohima alikuwa Mrohingya, wale watu waliofukuzwa kwao Myanmar. Alikuwa amefika Kawangware miaka miwili nyuma na binti mmoja, na Kiswahili chake alikiokota pale mferejini wanawake wa ploti yao ya vyumba vya kukodi walipochotea maji. Nekoye hakuwa na neno naye. Lakini kwa nini amchague yeye, msichana asiyemsalimia mtu mpaka asalimiwe?

Wangoi, mwenye ploti, alizidi kumtia wasiwasi. "Hao wa misaada wanachukuanga vidole kwa mashine," alisema huku akikamua tambara la deki. "Kwanza uulize wanaenda kufanyia nini chako."

Maneno hayo hayakumtoka. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane na kuomba kitambulisho, na karatasi ya kusubiri ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia yake. Bila kitambulisho hangesajili hata laini ya simu kwa jina lake, wala fundi wa maana hangemwandika kazi. Aliacha shule darasa la sita. Hakuwa na karatasi nyingine ya kumwonyesha mtu.

Akampigia simu binamu yake Wekulo, aliyewahi kupakia malori Garissa.

"Usicheze na hiyo kitu," Wekulo alisema. "Kuna Wakenya huko walijiandikisha kambini wakati wa njaa ndio wapate unga. Baadaye wakienda kuchukua kipande, yaani kitambulisho, kompyuta inasema ni wakimbizi. Vidole vyao viko huko tayari. Wengine walingoja miaka."

Hata hivyo Jumanne alienda. Alizitaka zile cherehani. Walitembea na Mama Rohima hadi Kianda bila kuongea sana, na njia nzima Nekoye alikuwa ameweka mkono wa kulia mfukoni.

Ukumbini cherehani zilipangwa ukutani, nyeusi, zinang'aa. Mbele yazo kulikuwa na meza, kompyuta, na kijana mwenye beji iliyoandikwa Vincent. Mama Rohima akaweka kidole kwenye kimashine chenye taa ya kijani, akapita. Zamu ya Nekoye ikafika.

"Weka kidole hapa, siste."

"Naomba nione mahali umeniandika."

"Iko sawa. Ona vile laini ya watu ni ndefu."

"Naomba nione," alirudia, kwa sauti ndogo zaidi, lakini mkono haukutoka mfukoni.

"Kwani kidole chake ni cha dhahabu?" mama mmoja nyuma akasema, na watu wakacheka. Shingo ya Nekoye ilipata moto. Alitamani kutoroka. Hakutoroka.

Vincent akaguna, akageuza kompyuta. Nekoye alisoma polepole, midomo ikitembea. Jina lake. Mtaa wake. Halafu mstari wa tatu: mkimbizi.

"Mimi si mkimbizi."

"Ni mfumo tu. Bado hawajaweka nafasi ya wenyeji. Tutarekebisha baadaye."

"Baadaye lini?"

Vincent aliangalia kimashine chake. "Sijui, kusema ukweli. Lakini bila kidole siwezi kukupa cherehani. Si mimi nimepanga."

Nekoye alizitazama cherehani mara moja. Akatoka kwenye laini. Alipofika mlangoni aligeuka, akamwona yule mama wa dhahabu ameinama mezani. "Hebu na mimi nione yangu," alikuwa akimwambia Vincent.

Mama Rohima alimfuata nje.

"Ulijua?" Nekoye alimuuliza.

"Mimi sijui kusoma."

"Basi kwa nini ulinichagua?"

"Kwetu walileta karatasi. Tukaweka kidole. Karatasi ilisema sisi ni wageni. Babu yangu amezaliwa pale, amezikwa pale." Mama Rohima alikitazama kidole chake. "Wewe nakuona mlangoni na Biblia, unasoma. Nilitaka mtu wa kusoma akae karibu na mimi."

Kumbe kweli alitaka kitu. Nekoye alirudi nyumbani peke yake, hajui kama amekasirika.

Kitambulisho kilitoka baada ya wiki saba. Alikigeuza pande zote pale pale kwa ofisi ya chifu, akasoma kila neno mara mbili kabla ya kukiweka mfukoni.

Wiki hiyo hiyo Mama Rohima alimaliza mafunzo, akaletewa cherehani. Alimwita Nekoye chumbani.

"Unataka nini?" Nekoye aliuliza akiwa bado mlangoni.

Mama Rohima alimpa karatasi iliyokuja na cherehani, na kidau cha wino. "Wanataka kidole hapa chini. Nisomee. Halafu kila jioni njoo, nakuonyesha kushona."

Nekoye aliingia, akaketi, akaitandaza karatasi juu ya meza ya cherehani. Alisoma kwa sauti, kidole chake kikipita chini ya kila neno. Mama Rohima alikuwa ameshachovya chake kwenye wino.

"Ngoja," Nekoye alisema. "Usiweke bado. Kuna maandishi mengine madogo hapa nyuma."