Robo Inayobaki

Mtaani walimwita Mama Bajeti, na jina hilo alilivaa kama wenzake wanavyovaa cheni ya dhahabu. Hakuwa na cheo kingine. Shule aliiacha darasa la saba, ajira hakuwahi kuipata, na mumewe alikuwa mtu wa mashine ya kuchovya vichwa vya njiti katika kiwanda cha viberiti. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna aliyemfikia. Senti ya watu wengine ina miguu, ya kwake alikuwa ameivunja miguu, ikikaa imekaa.

Na tusimwonee, mwanamke yule alikuwa na akili. Maharage aliyaloweka tangu jana yake, akayachemsha nusu saa tu, kisha sufuria nzima akaitia ndani ya kikapu kikubwa alichokitandika blanketi kuukuu, akafunika. Jioni yalikuwa yameiva yenyewe na mkaa uko palepale. Maji ya kusuuzia nguo yalipiga deki, yaliyopiga deki yakamwagiwa chooni. Vipande vya sabuni vilivyobaki vidogo kama ukucha alivikusanya katika soksi, akavifinyanga vikawa kipande kipya. Kola ya shati la mumewe ikichakaa, aliifumua, akaigeuza upande wa pili na kuishona tena, na mzee anaonekana kavaa shati jipya. Hata njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe kuanzia kichwani, zikatoka mbili. Mke wa mtu wa kiwanda cha viberiti! Wenzi wa mumewe kazini walicheka mpaka machozi walipolisikia hilo. Walisema kila mwanamke akiiga, kiwanda kitafungwa.

Waliishi katika nyumba za wafanyakazi, safu ndefu za vyumba viwiliviwili zilizotazamana, bomba moja katikati. Wazazi wawili na watoto wanne, na ukuta unaofuata ni wa mpakizi wa maboksi pamoja na mkewe na kichanga chao cha miezi mitatu. Mpakizi mgongo ulikuwa umeanza kumsaliti. Mkewe, msichana mchangamfu, alikuwa akimwita Mama Bajeti dada, na kila jioni alikuja kukaa naye mlangoni ananyonyesha na kupiga soga.

Mwaka ule bei zilipanda mpaka watu wakaacha kuzitaja. Mshahara ulikuwa ule ule wa miaka mitatu nyuma. Wafanyakazi wakakaa, wakakubaliana, wakawatuma watu watano kwa meneja kuomba nyongeza, na mume wa Mama Bajeti alikuwa mmoja wao. Safu zote zikaanza kuishi kwa nyongeza ambayo bado haijaja. Huyu ataezeka upya nyumba ya wazazi, yule atamtoa mama yake kijijini akatibiwe macho. Mke wa mpakizi yeye hakutaka makubwa. Alisema akipata nyongeza atakunywa maziwa kila siku, kwa kuwa maziwa yake mwenyewe yalikuwa yanapungua na mtoto analia usiku.

Siku tisa baada ya ombi kupelekwa, afisa utumishi wa kiwanda aligonga mlango wa Mama Bajeti. Alikuwa mtu mpole, wa makamo, mwenye viatu visivyojua vumbi. Alikataa kiti kizuri akakaa kwenye kigoda, akaangalia kikapu cha maharage, akaomba aonyeshwe njiti zilizopasuliwa, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Mama, wewe ni mwalimu," alisema. "Wafanyakazi wetu wanapata mshahara, lakini hawajui kuutumia. Tunaomba Jumamosi uje bwaloni utoe somo. Watakuja na wake zao. Uongozi utakushukuru."

Mwalimu! Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alivikwa kilemba cha ukoka mchana kweupe, naye akainamisha kichwa kivae vizuri. Afisa alipoondoka, alikuwa tayari anatafuta kanga ya kuvaa.

Mumewe aliposikia, aliweka kijiko chini.

"Sisi tumepeleka ombi la nyongeza, wao wanatuletea mwalimu? Mke wangu, hawa watu hawatoi kitu bure."

"Kwa hiyo nikiitwa mwalimu inakuuma?"

"Siyo inaniuma. Naogopa."

"Unaogopa nini, baba watoto? Nikafundishe watu kuloweka maharage kuna ubaya gani? Nyongeza ikija, wenye kujua kubana watafaidi zaidi."

Mume akaokota kijiko, akaendelea kula. Ishirini na moja ni miaka mingi ya ndoa, na alijua pale hapana njia. Lakini usingizi aliolala siku zile haukuwa wa mtu aliyepumzika.

Jumamosi bwalo lilijaa. Walimwekea meza, wakamletea maji ya chupa, akasimama mbele ya watu mia na zaidi ameshika ukingo wa meza. Alipoanza na soksi ya sabuni, wakacheka. Alipofika kwenye kola, akamwita mumewe asimame wote waone, wakapiga makofi. Mume alisimama kwa kuwa hakuwa na namna nyingine. Mama Bajeti hofu ikamtoka, ulimi ukapata mafuta. Alitania, alitaniwa, akajibu maswali kama mtu aliyezaliwa jukwaani. Kwa saa nzima alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu siku ya harusi yake.

Ndipo afisa utumishi akainuka na daftari lake.

"Mwalimu, swali la mwisho. Nyumba yako ina watu sita, na mshahara wa mumeo tunaufahamu. Ukishabana hivi, mwisho wa mwezi kinabaki kiasi gani?"

Ukweli aliujua. Mwisho wa mwezi hakikubaki kitu, na tarehe ishirini na mbili ilikuwa haijawahi kumkuta na chochote. Kilichoivusha nyumba ni kaka yake, dereva wa lori, aliyemshushia gunia la mchele kila akipita. Na kilichoivusha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe mchana hakuwa akila. Mwaka wa pili sasa. Watoto wanakula shuleni, mumewe anakula kiwandani, yeye anakunywa maji na kusubiri jioni, na jioni anaanza na ukoko. Hata mumewe hakulijua hilo. Lakini angelisemaje mbele ya watu wale, na makofi bado yako masikioni? Mwalimu gani wa kubana matumizi anayefunga kula? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Robo," alisema. "Robo ya mshahara inabaki."

Bwalo likaguna. Afisa akaandika. Nyuma kabisa, mke wa mpakizi alikuwa amesimama na mtoto kifuani, akimtazama dada yake kwa mshangao mtupu, kwa kuwa ni yeye aliyemkopesha unga wiki ile.

Tangazo lilibandikwa Jumatano. Mume alirudi nalo amelinakili kwenye kipande cha boksi, kwa mwandiko wake mkubwa, na hakulisoma. Alimpa asome mwenyewe. Uongozi umelipokea ombi na kulitafakari. Kama ilivyothibitishwa hadharani na mke wa mmoja wa wafanyakazi, mshahara wa sasa ukitumiwa kwa busara unatosha familia ya watu sita na kubakiza robo. Hivyo nyongeza haina msingi. Aidha, kwa kuwa familia zina uwezo wa kujiwekea akiba, chakula cha mchana kiwandani kitasitishwa kuanzia tarehe moja.

Alisoma mara mbili. Alitaka mumewe amtukane, angalau apige meza.

"Tulikuwa watano mbele ya meneja," mume alisema taratibu, anavua viatu. "Alituuliza kama kuna kati yetu ambaye mkewe ni mwongo. Ningejibu nini?"

Akaenda kulala saa kumi na mbili na nusu, jua halijazama vizuri, akageukia ukutani.

Asubuhi pale bombani hakuna aliyemsema. Angesemwa angejua pa kushika. Walimpisha tu akinge maji kwanza, wote, kama anavyopishwa mgeni au mfiwa, na ndoo ilipojaa hakuna mkono uliomsaidia kujitwisha. Alijiona mwovu. Aliona kila mtoto aliyepita pale amemnyang'anya kitu mkononi. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo alilijua, lakini mtu hawezi kukaa tu na kuyatazama yanavyoenda. Alibadili kanga akaenda kiwandani.

Afisa utumishi alimpokea vizuri. Aliagiza chai na vipande viwili vya mkate wa siagi, akafunga mlango.

"Nilidanganya," Mama Bajeti alisema kabla hajakaa sawasawa. "Robo haibaki. Hakibaki hata cha kununulia chumvi. Kaka yangu ndiye anatuletea mchele. Na mimi mchana sili, bwana. Sijala mchana tangu mwaka juzi. Jino limeniuma miezi saba, nimeweka karafuu mpaka fizi imekufa ganzi, sijaling'oa kwa sababu ya hela. Waambie. Bandika tangazo jingine, andika yule mama ni mwongo, nitaweka sahihi."

Alilia. Na wakati analia alikuwa anakula ule mkate, kwa kuwa ilikuwa saa sita na nusu na mkono ulikwenda wenyewe. Alimaliza kipande cha kwanza, akashika cha pili, akajichukia na kuendelea kutafuna.

Afisa alisubiri. Alikuwa na uso wa mtu anayehurumia kweli.

"Mama, mbona hujadanganya? Ndugu kusaidiana si uongo, ni jambo jema. Na hilo la mchana..." Alifungua daftari. "Wengi wanakula mara tatu kwa mazoea tu. Wewe umejizoeza. Huko nako ni kubana matumizi."

"Huko ni njaa, bwana."

"Lakini mmefika mwisho wa mwezi. Watoto wako wanasoma. Mumeo hajawahi kukosa kazini hata siku moja, nimeangalia." Aliandika kidogo. "Nikuombe kitu. Tutakuwa na somo la pili mwezi ujao, kwa ajili ya hiki chakula cha mchana kinachoondolewa. Watu watahangaika mwanzoni. Ungewaeleza ulivyoanza."

Mama Bajeti alisimama. Alitafuta neno la kumtupia, na yeye si mtu wa kukosa neno, lakini koo lilikuwa limejaa mkate. Alitoka bila kuaga, akapita langoni, mlinzi akamwamkia shikamoo mwalimu, kwa heshima kabisa, bila kejeli.

Alipofika nyumbani alikuta wanawake wamekaa mbele ya mlango wake. Walikuwa tisa au kumi, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa, mke wa mpakizi akiwa mbele na mtoto begani. Mama Bajeti alisimama hatua chache kutoka kwao, akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Kama mmekuja kunipiga, nipigeni," alisema. "Sitapiga kelele."

"Tukikupiga tutashiba?" aliuliza mama mmoja wa safu ya pili.

Hakuna aliyecheka. Mke wa mpakizi alisogea akamwachia nafasi pale kizingitini, palepale walipokuwa wakikaa wote wawili jioni.

"Kaa, dada. Tarehe moja ni wiki ijayo. Waume zetu watakuja kula nyumbani, au watabeba chakula chetu, ni yale yale. Mshahara ndio huo. Tumepiga hesabu kila upande, lazima mtu mmoja kila nyumba asile mchana, na sote tunajua ni nani." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Mimi ukuta wangu na wako ni mmoja. Saa sita sijawahi kusikia sahani kwako. Tufundishe hilo. Ya Jumamosi tunayajua."

Basi akakaa. Angefanya nini? Mikono aliiweka magotini, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya bwaloni.

"Saa sita si mbaya," alisema. "Mbaya ni saa nane. Saa nane usikae karibu na jiko, na usimpikie mtu. Weka kazi ya kufua saa hiyo, maji ya baridi yanasaidia. Kunywa maji ya moto na chembe ya chumvi, kidogo kidogo, usiyagugumie, utatapika. Ukisikia kizunguzungu kaa chini hapohapo ulipo, usione aibu. Wiki tatu za kwanza utakuwa mkali kwa watoto. Jitahidi usiwapige, si wao."

Walisikiliza kuliko bwaloni. Mmoja alikuwa akirudia maneno kwa kunong'ona ili asiyasahau. Mama wa safu ya pili aliuliza kama usingizi unakuja, akajibiwa unakuja, ila unaota unakula. Mwingine aliuliza mumewe asijue afanyeje, naye akamweleza kuhusu kuanza na ukoko, mtu akadhani unaupenda.

"Na anayenyonyesha?" aliuliza mke wa mpakizi.

Wote wakageuka kumtazama Mama Bajeti. Alikuwa na jibu la sabuni na la mkaa, la kola na la njiti. Mtoto aliamka begani mwa mama yake, akaanza kutafuta kwa mdomo kwenye shingo, kwenye kanga, popote. Mama Bajeti alimtazama, akatafuta kichwani mwake kote, na wanawake wakaendelea kusubiri.