Habari za Saa Moja na Jina la Isoken

Umeme ulikatika Uyi akiwa amemnyoa Bwana Pius upande wa kushoto tu. Bwana Pius, fundi viatu wa mtaa huohuo mjini Benin, Nigeria, hakuinuka kitini. Alivuta gazeti, akaendelea kusoma kwa mwanga wa mlangoni.

"Waziri anasema umeme sasa ni wa uhakika," alisema.

"Uhakika wa kukatika, mzee."

"Na kesho kanisani nitaingiaje na kichwa hiki?"

"Kaa ukutani. Ufiche upande mmoja."

Jenereta ya kinyozi ilikuwa na petroli ya kunusa tu. Wakangoja mpaka jua likashuka, kisha Bwana Pius akaenda zake na nusu kichwa, na Uyi akafunga duka.

Chumbani kwake mlikuwa na vitanda viwili. Kimoja kilikuwa cha dada yake, Isoken, aliyemlea tangu mama yao afariki. Isoken alifundisha hesabu katika shule moja ya mbali, kaskazini, na kila likizo alirudi nyumbani. Likizo ya Pasaka ilipokwisha alipanda basi asubuhi. Jioni basi lilikutwa kando ya barabara, milango wazi, mizigo imo, abiria hawamo. Hakuna aliyepiga simu kudai chochote. Polisi walimwambia Uyi kwamba gari lao halina mafuta, arudi baadaye. Aliporudi, halikuwa na matairi. Gazeti halikuliandika lile basi, wala redio haikulitaja.

Zamani wawili hao walikuwa wakibishana na redio kila jioni, Isoken akimsahihisha waziri wa fedha hesabu zake. Siku hizi Uyi alibishana nayo peke yake, maana chumba kilikuwa kimya mno.

Jioni ile aliloweka garri, unga wa muhogo, kwa maji baridi, akatia sukari na karanga, akafungua redio ya betri. Msomaji wa habari, Talatu Bitrus, alisoma kutoka Abuja kwamba waziri amesifu hali ya umeme nchini.

"Mwambie aje anyolewe kwangu," Uyi alisema, mdomo umejaa.

"Nikimwona nitamwambia, Uyi," alisema Talatu Bitrus, kisha akaendelea na bei ya kakao.

Uyi alimeza, akaongeza sauti ya redio kidogo.

Asubuhi, Mama Ivie, muuza akara, bajia za kunde, pale getini, alimsimamisha. Alikuwa amesikia kwenye redio yake mwenyewe, kama mtaa mzima.

"Kumbe una mtu redioni, umetunyamazia!"

"Si mtu wangu, mama. Amenijibu tu."

"Basi leo mwulize transfoma yetu inarudi lini. Na unisalimie."

Uyi aliuliza. Talatu alijibu, baina ya habari mbili, kwamba transfoma haimo katika karatasi aliyopewa, ila salamu za Mama Ivie amezipokea. Mtaa ulisikitika kwa transfoma, ukafurahia salamu.

Tangu hapo wateja walileta maswali yao dukani. Mengi yalijibiwa vivyo hivyo: halimo katika karatasi. Lakini Talatu naye alizoea kuuliza siku imekwendaje. Uyi alimsimulia bei ya mchele, na vijana wenzake waliojipanga alfajiri kuomba pasipoti. Yeye pia aliwahi kujipanga, akatoka kwenye foleni alipokaribia dirisha. Aliwaza kwamba Isoken akirudi atakuta mlango umefungwa na hajui ufunguo uko kwa nani.

Hilo la mwisho hakumwambia Talatu. Aliogopa kuuliza jambo ambalo jibu lake angeweza kulipata.

Jumatano moja Talatu alisoma habari za waziri kuzindua daraja, na Uyi akasema, bila kupanga, "Dada, na lile basi je?"

Redio ikanyamaza. Nchi nzima watu wakazigonga redio zao, wengine wakabadili betri.

"Basi gani?" Talatu akauliza.

Akamweleza.

"Halimo katika karatasi," akasema Talatu.

"Najua."

"Anaitwa nani?"

"Isoken Aigbe. Mwalimu wa hesabu."

Talatu akakohoa kidogo. Kisha, kwa sauti ileile ya bei ya kakao, akasoma: "Isoken Aigbe, mwalimu wa hesabu, alipanda basi kurudi kazini. Basi limepatikana. Yeye hajapatikana. Ndugu yake anamngoja Benin."

Mama Ivie alifika kabla taarifa haijaisha, na bakuli la moimoi, kunde za kusaga zilizopikwa kwa mvuke, chini ya kitambaa. Bwana Pius akaja na kiti chake. Wengine walikaa ukumbini. Hakuna aliyekaa juu ya kitanda cha Isoken. Walikula, wakaulizana alikuwa anapenda nini, na Uyi akawaambia.

Kesho yake, habari ya kwanza ilitoka kwa msemaji wa serikali. Barabara ya kaskazini ni shwari. Hakuna basi lililosimamishwa. Wananchi wapuuze uvumi. Talatu aliisoma yote, hakuruka neno.

"Uyi, hii ndiyo niliyopewa," akasema.

"Najua. Umeisoma vizuri."

Usiku ule hakuja mtu. Dukani, asubuhi, Bwana Pius alijitazama kiooni muda mrefu.

"Serikali imesema hakuna basi," alisema hatimaye.

"Nimesikia, mzee."

"Labda alishukia njiani. Watu hushuka."

"Geuza kichwa, mzee."

Mabasi yaliendelea kuondoka kila alfajiri kwa barabara ileile, yamejaa. Talatu naye aliendelea kumjibu Uyi kila jioni, ila akitajiwa Isoken alipitiliza, kama asiyesikia. Uyi akaacha kumtaja.

Mvua za Juni zilipoanza, Talatu alimaliza hali ya hewa, akauliza.

"Kwenu inanyesha kweli?"

"Inanyesha."

"Chumba ninachosomea hakina dirisha. Nasoma tu kwamba inanyesha."

Uyi akaibeba redio, akafungua dirisha, akaishika nje chini ya ukingo wa bati. Nchi nzima ikasikia mvua ya Benin, bila neno. Mkono ulipomchoka, akahamishia redio mkono wa pili. Kisha Talatu akashukuru, akasoma michezo.