Mlango wa Tatu wa Mtakatifu Yosefu

Siku mbili kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, Liboria Tantillo alikuwa jikoni akitengeneza mkate wenye umbo la ndevu. Alichora nywele kwa kitana cha zamani, akapiga viduara vya mapambo kwa kastabini, kisha akaupaka yai na kuunyunyizia ufuta. Mkate wa ndevu ni wa Yosefu, wa mtende ni wa Maria, wa nyota ni wa Mtoto. Ilimpasa kuimaliza yote kabla tanuri halijapoa, kwa hiyo aliposikia wageni wakipanda mtaani hakwenda dirishani.

Ninfa huleta wageni katika mji wa Roccaspina kila Jumamosi kwa basi dogo. Huwaonyesha kanisa, ngome iliyobomoka, na milango, na wengi hufuata milango. Zamani mji ulikuwa na watu elfu nne. Siku hiyo walikuwa thelathini na mmoja, na nyumba nyingine zote zimefungwa. Mwenye nyumba akihama moja kwa moja, mlango wake huanza kusema kwa sauti aliyoondoka nayo. Ukigonga kwa fundi viatu aliyehamia Ajentina, mlango hukuuliza kama viatu unavitaka leo au vinaweza kungoja. Wageni hugonga, hucheka, hupiga picha, halafu huuliza choo kiko wapi.

Wenyeji hawana habari na maneno ya milango. Wanachokiogopa ni siku mlango unapoanza kusema, maana aliyekwenda kutafuta kazi huku akikusudia kurudi, mlango wake hukaa kimya. Mlango wa Gandolfo, mwana pekee wa Liboria, ulio ubavuni mwa mlango wa mama yake, ulinyamaza miaka miwili baada ya yeye kwenda Ujerumani, na miaka hiyo miwili mama alikuwa mtu wa furaha. Jumanne moja ya mwaka wa tatu alikuwa anafagia, fagio likagonga ubao, na mlango ukasema, "Nakuja, mama." Liboria akamaliza kufagia, akaingia ndani, akalia mpaka jioni. Sasa ni miaka ishirini na sita, na kila asubuhi huugonga apate jibu lile lile. Anakiri mwenyewe kuwa ni mazungumzo ya kijinga, ila hana mengine.

Gandolfo alipokuwa na miaka sita, homa ilimlaza siku tisa. Liboria akaweka nadhiri: mtoto akipona, atamwandalia Mtakatifu Yosefu meza ya chakula kila mwaka maadamu yeye yu hai. Mtoto akapona. Lakini meza haiandaliwi ikatosha. Lazima watakatifu watatu, yaani watu wanaoigiza Yosefu, Maria na Mtoto, waje kwa miguu, wagonge mlango wa kwanza wakataliwe, wagonge wa pili wakataliwe, wagonge wa tatu wakaribishwe. Kwa miaka arobaini na minne mlango wa tatu ulikuwa wake. Wa kukataa hawakuwa tabu kuwapata, kwa sababu milango ya nyumba tupu inaijua desturi na inakataa vizuri kuliko watu. Tabu ilikuwa watakatifu. Mwaka huu Maria alikuwa Ninfa mwenyewe, mwenye miaka arobaini na moja, kwa kuwa mabikira wengine wote wa mji walikuwa wamepita sabini. Mtoto Yesu alikuwa mzee Rosolino, miaka sabini na tisa, kwa kuwa hakuna mtu mzima mfupi kumshinda. Yosefu alikuwa amekufa Januari akipasua kuni.

"Bila Yosefu hakuna meza," Liboria alimwambia Ninfa alipopita kuomba maji ya wageni. "Na bila meza nimevunja nadhiri."

"Chukua mgeni mmoja, shangazi. Leo nina Mholanzi mwenye ndevu mpaka kifuani."

"Huyo atakaa kula kabla hajagonga."

Mzee Rosolino alikuwa kwenye kigoda, amekuja kuonja. "Si umpigie Gandolfo?" alisema. "Ana ndevu, ana miaka hamsini, na tangu aondoke hapa hajasema neno la maana. Yosefu kamili huyo."

"Mtoto Yesu afunge mdomo," alisema Liboria, "na atoe mkono kwenye lozi zangu."

Lakini alipiga. Gandolfo akasema ana tiketi ya Jumatatu hiyo hiyo, kuna jambo analimaliza mji mkubwa asubuhi, adhuhuri atakuwa Roccaspina. Liboria alisikia tiketi, alisikia adhuhuri, hayo ya mjini hayakumwingia. Akawatangazia wote waliobaki, mlango kwa mlango, hata baadhi ya milango ya nyumba tupu, na kwa furaha akaunguza sinia zima la biskuti.

Jumatatu Gandolfo aliwasili na begi dogo. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili.

"Umekonda."

"Nimeongezeka kilo kumi na mbili, mama."

"Basi umekonda usoni."

Gandolfo alicheka, akatazama dari, akatazama ukuta uliotenganisha nyumba zao mbili, hakumtazama yeye. Ninfa akamvika joho la kahawia, akampa fimbo yenye maua meupe, na watakatifu wakatoka. Nyuma yao walifuata watu wote wa mji na wageni ambao basi liliwaleta kwa ajili ya sikukuu. Kwa fundi viatu walikataliwa kwa adabu. Kisha wakaja kwenye mlango wa pili, ambao ulikuwa wa Gandolfo. Akagonga kwa fimbo.

"Nani?" ukauliza mlango.

"Yesu, Yosefu na Maria."

"Mnataka nini?"

"Chakula na pa kulala."

"Hapa hakuna nafasi. Nendeni mlango mwingine."

Ilikuwa sauti nyembamba, changamfu, ya kijana wa miaka ishirini na miwili. Gandolfo alibaki amesimama. "Hivi nilikuwa naongea haraka namna hii?"

"Ulikuwa unaongea kama mtu anayewahi basi," alisema mzee Rosolino. "Songa, baba. Mtoto ana dawa za kumeza na chakula."

Liboria alikuwa nyuma ya mlango wake, amevaa aproni safi, mkono kwenye komeo. Kwake nyumba ilinukia shamari na mkate, na mwanawe alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakuwa na furaha kama hiyo tangu ile miaka miwili. Fimbo ikagonga. Akafungua kinywa, na kabla hajatoa neno mlango ukauliza, "Nani?"

Nje Gandolfo alijibu, akidhani ni mama yake.

"Mnataka nini?"

"Chakula na pa kulala."

"Hapa hakuna nafasi," ukasema mlango kwa sauti ya Liboria, pamoja na kikohozi chake cha baridi hii. "Nendeni mlango mwingine."

 Mtaani wenyeji walielewa kwamba sasa wamebaki thelathini. Wanawake wawili wakajifunga vizuri shali zao. Liboria alisimama ndani ya nyumba yake, unga bado umo kwenye kucha, akausikiliza mlango mpaka ukamaliza, ndipo akaufungua.

"Umeuza nyumba yangu," alisema.

"Zote mbili, mama. Wanunuzi hawakutaka moja. Watavunja ukuta wa kati wafanye nyumba ya kulala wageni."

"Kwa karatasi gani?"

"Ile ya kutia sahihi kwa niaba yako, uliyonipa ulipovunjika nyonga."

"Lini?"

"Leo saa tatu. Nimekupatia chumba kule mji mkubwa, kina joto, masista wanapika. Nilitaka kukwambia baada ya chakula."

"Na kwako?"

"Kwangu ni ghorofa ya nne, mama. Hakuna lifti."

Ninfa aliangalia viatu vyake. Wageni, wakidhani ndiyo desturi yenyewe, waliinua simu zao wakarekodi.

"Liboria," alisema mzee Rosolino taratibu, "tumwite padri?"

"Wa nini? Yosefu yuko mlangoni na chakula kinapoa."

Wakaingia. Desturi ni kwamba mtakatifu akishavuka kizingiti haulizwi neno wala hagombezwi mpaka sahani iondolewe, na mwenye nyumba haketi. Liboria aliwakalisha kwenye kitambaa cheupe, akaleta beseni na maji ya vuguvugu. Alianza na Yosefu. Akamwosha mkono wa kulia, kidole baada ya kidole, akaufuta kwa taulo jipya, akainama na kuubusu, kwani nadhiri ni nadhiri. Gandolfo alikuwa analia ndani ya ndevu zake, na Liboria hakumuuliza.

"Uanze na nini, Mtakatifu Yosefu?"

"Samaki," alisema.

Akamkatia kipande cha katikati, akakitoa miiba.