Mkono wa Udongo, Mkono wa Shaba

Bilonda alimpaka mumewe udongo mweupe mkono wa kushoto, akamvisha bangili ya shaba mkono wa kulia.

Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake. Kansenda, kijiji chao kando ya Lualaba, kilikaa kati ya wafalme wawili, na kila kizazi kilikuwa na bwana wake. Udongo ulikuwa heshima ya Walunda wa magharibi, bangili alama ya Wayeke wa mashariki. Watu wa Kansenda walivaa vyote viwili, wakamgeuzia kila mjumbe upande wake. Aliyekosea upande alichomewa nyumba, watoto wakachukuliwa. Dada wa bibi alichukuliwa hivyo, hakuonekana tena.

Sasa Wabelgiji, watawala wapya wa nchi, walitaka kumaliza ugomvi huo. Machifu wote wawili waliitwa kijijini ili bwana wa wilaya aamue Kansenda ni ya nani. Kalenga, mume wa Bilonda, alilinda makaburi ya wazee, kwa hiyo yeye ndiye shahidi. Bwana angerudi Kolwezi na askari wake. Chifu aliyeshindwa angebaki jirani, na hasira zake.

Bilonda alikuwa ameshachungulia viti. Mlunda angekuwa kushoto kwa Kalenga, Myeke kulia kwake.

“Simama katikati, tata ya Mado,” alimwambia baba wa mtoto wake. “Usigeuke.”

“Bakiniuliza tuko ba nani?”

“Sema tuko batu ya apa. Alafu unyamaze.”

“Mi naogopa.”

“Na mi naogopa. Twende.”

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Chifu wa Walunda aliona udongo, akaitikia kwa kichwa. Wa Wayeke aliona shaba, akatabasamu. Bilonda, aliyesimama na wanawake wenzake, alianza kupumua. Bibi alikuwa na akili nyingi, Mungu amrehemu, ila hakuwahi kuona ramani.

Ramani ilitundikwa ubaoni, nyuma ya mgongo wa Kalenga.

“Geuka, tata,” mkalimani alisema. “Onyesha fasi makaburi iko.”

Kalenga alimtazama mkewe. Kisha akageuka, akaweka kidole penye makaburi.

Udongo ukawa upande wa Myeke, shaba upande wa Mlunda. Machifu waliikodolea macho ile mikono, kisha wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kila mmoja alijua sasa kwamba babu zake walichezewa.

“Uyu mutu ni wa nani?” mkalimani aliuliza.

“Haiko mutu yangu,” alisema chifu wa Walunda.

“Na mi simujue,” alisema wa Wayeke.

Bilonda nusura acheke kwa raha. Hakuna aliyeshindwa, basi hakuna wa kuja kuchoma nyumba.

Bwana wa wilaya alisema maneno machache, na mkalimani akayatafsiri huku akitazama viatu vyake. Ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Serikali itaipa kampuni ya shaba, ichimbe. Watu wa Kansenda wahame kabla ya mvua.

Mshika mbili moja humponyoka, husema wahenga. Watu wa Kansenda zilikuwa zimewaponyoka zote mbili.

Machifu waliondoka, kila mmoja na njia yake. Kalenga alibaki mbele ya ramani, kidole bado juu ya makaburi. Bilonda alimwendea, akaanza kumfuta udongo kwa ncha ya kitenge chake.

“Sasa tuko ba nani?” Kalenga aliuliza.

Bilonda aliendelea kufuta, ingawa mkono ulikuwa umeshatakata.