Chura wa Chemchemi ya Mkulo

Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa. Stella, mwenye miaka kumi na mmoja, alipanda asubuhi na mama yake mdogo, Mektrida, hadi ukingoni mwa msitu juu ya Old Moshi kukata majani ya ng'ombe. Walipokwisha kufunga mizigo, Stella aliomba wapite kwenye chemchemi kuwaona vyura.

Chemchemi hiyo ndiyo iliyolisha mfongo, mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba na kahawa ya kijiji. Ilikuwa chini ya miti mikubwa ya mkulo, na mawe yake yalifunikwa na utando wa kijani, umelowa chepechepe. Juu ya jiwe moja alikaa chura asiyezidi ukucha wa dole gumba.

"Mbona hawashuki kwetu?" Stella aliuliza.

"Kwetu kuna jua. Huyu anavuta hewa kwa ngozi pia, na ngozi ikikauka, amekwisha. Mayai yake yako humo kwenye utando. Usimshike, jasho la mkono litamuunguza."

Ukungu ulishuka ghafla, wakawa hawaoni hata hatua kumi. Hapo wakasikia msumeno, krrr, krrr, karibu sana. Mektrida akamziba Stella mdomo. Kisha mti ukalia, sauti ndefu kama ya mnyama anayechinjwa.

"Kimbia!"

Mkulo uliangukia chemchemi. Stella alijikuta amelala kifudifudi kwenye tope, matawi yamemfunika.

"Nani huko?"

Mwanamume alitokea na panga mkononi. Alikuwa Filemon, mwenyekiti wa mfongo, yeye aliyewasomea watu kila mwaka marufuku ya kukata miti ya chemchemi.

"Shikamoo, baba," Stella alisema.

"Marahaba," Filemon alijibu kwa mazoea. Kisha akamgeukia Mektrida. "Mama Shedrack, leo hamkufika huku. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Tangu siku hiyo Stella hakula vizuri. Kila jioni Filemon alipita kwenye uzio wao, akasimama, akakohoa, akaenda zake. Alhamisi, baada ya shule, Stella alijikaza akapanda peke yake. Gogo lilikuwa limeondolewa, na jua linapiga moja kwa moja pale ulipokuwa mti. Utando umegeuka kahawia, mayai yamesinyaa kama punje za mtama. Alitafuta chura jiwe kwa jiwe, hakumwona hata mmoja. Kijiti kilivunjika nyuma yake, akatimua mbio hadi nyumbani bila kugeuka.

Alimweleza mama yake mdogo. Mektrida akafunga mlango kwa komeo ingawa bado ulikuwa mchana.

Jumapili wenye mashamba walikutana, kwa kuwa maji ya mfongo yalikuwa yamepungua.

"Ni ukame tu," alisema Filemon.

Mektrida akasimama. Stella alishika upindo wa khanga yake.

"Si ukame tu, mwenyekiti. Waambie ulichokata."

Filemon aliwatazama kwa zamu, Mektrida kisha Stella.

"Huyu mama aliona ukungu tu."

"Basi twendeni tukauone huo ukungu," alisema mzee Melkior kutoka nyuma.

Walipanda wote. Kisiki kilikuwa bado kinatoa harufu kali ya mkulo, na mbao zimefichwa chini ya majani. Siku hiyohiyo Filemon alivuliwa uenyekiti. Watu wakapanda masale, mimea ya kuweka mpaka usiovukwa, kuizunguka chemchemi, na miche ya mkulo ndani ya mpaka huo.

Maji yaliongezeka mvua ziliponyesha. Vyura hawakuonekana mwaka ule wala uliofuata. Mwaka wa tatu Stella aliona wawili, juu zaidi, kwenye ufa wa mwamba usiofikiwa na jua. Hakumwambia mtu ila mama yake mdogo, tena kwa kunong'ona, akitazama kwanza kama kuna mtu uzioni.