Gunzi Kwenye Bomba la Kupumulia

Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimechomoka kwenye injini na kulala juu ya betri, na oili ilikuwa imetapakaa chini ya boneti nzima. Baba alikitazama, akanitazama mimi, akasema, "Nilisahau kukirudisha."

Asubuhi ile nilimwona kwa macho yangu akikipangusa na kukisukuma hadi mwisho, lakini gari lilikuwa limezimika katikati ya barabara, watu wanatupigia honi, nikaanza kuyashuku macho yangu mwenyewe.

Kwa miezi kadhaa kaka yangu mkubwa alikuwa akisema baba ameanza kusahau, anyang'anywe ufunguo kabla hajaua mtu. Baba alikuwa akibisha. Jioni ile hakubisha. Aliuweka ufunguo mezani mbele ya kaka, akaenda kulala bila kula. Tangu hapo akawa anauliza kila kitu mara mbili: jiko limezimwa? Mlango umefungwa? Mtu aliyeendesha malori miaka thelathini sasa aliogopa hata kuchemsha chai.

Siku ya tatu fundi wetu, mtu wa maneno machache tuliyemwita Taratibu, aliingia chini ya gari akatoka na gunzi lililoviringishwa kitambaa. Kitambaa nilikitambua. Kilitoka kwenye gauni langu la zamani.

"Nani kaziba hapa?" akauliza.

Ni mimi. Bomba lililoning'inia chini ya injini lilikuwa likidondosha oili kwenye sakafu ya banda la gari niliyoipiga deki kila siku, nikaona dawa ni kuliziba. Ujuaji wangu huo! Taratibu alinieleza kama anavyoelezwa mtoto: injini za zamani hupumulia hapo. Moshi unaopenya pembeni mwa pistoni hushukia kwenye oili, na ukikosa pa kutokea husukuma chochote kilicholegea. Kijiti kilisukumwa.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikabaki njia panda. Nikisema, baba atadai ufunguo, na je, kama kaka ana haki? Wiki iliyotangulia baba aliniita kwa jina la shangazi mara mbili. Nikinyamaza, nimemgeuza mzee wangu mgonjwa kwa gunzi la mahindi. Siku mbili nilizunguka nyumbani nikipanga maneno na kuyapangua, kichwa kimevurugika, na hata sijui ni nini hasa kilichonifikisha mlangoni kwake.

"Baba, kijiti ulikirudisha. Mimi ndiye niliyeziba bomba."

Nilingoja anikaripie. Alikaa kitandani na soksi moja mkononi. Ufunguo hakuuulizia, siku ile wala baadaye, mpaka alipotutoka, na hilo linanichanganya hadi leo. Aliuliza tu kama nina hakika. Nikamwambia ninayo.

"Basi mwite kaka yako," akasema. "Useme tena, na yeye asikie."